Roki ya Progresivu: Kilichokufa na Kilichosalia

Agosti 2019 bendi ya Tool ya Los Angeles ilitoa wimbo wa zaidi ya dakika 10, usio na kiitikio cha kushika upesi, wenye mapigo yanayogeuka kila msikilizaji anapodhani ameyazoea. Wimbo huo uliingia kwenye orodha ya nyimbo 100 zinazovuma ya jarida la Billboard, ukawa mrefu kuliko wowote uliokuwa umewahi kufika hapo. Majuma machache baadaye albamu yake, Fear Inoculum, ilimng'oa Taylor Swift kileleni mwa chati ya albamu za Marekani. Tool ni wajukuu wa roki ya progresivu, na hawajawahi kuficha deni lao kwa King Crimson, wazee wa muziki huo, ambao mwaka 2001 walialikwa kufungua maonyesho yao.

Lakini ukifungua historia nyingi za muziki wa Uingereza, utasoma kwamba muziki huo ulizikwa zamani: ulizaliwa 1969, ukavimba, ukauawa na panki 1977. Kauli hizi mbili hutembea pamoja bila mtu kuzikutanisha, na msomaji anayezisikia zote ana haki ya kuchanganyikiwa. Muziki gani huo unaotangazwa kuwa maiti na bado unaongoza chati?

Chanzo cha utata ni kwamba mambo matatu huitwa kwa jina moja. Kuna namna ya kutunga, kuna mpango wa kibiashara ulioigharimia, na kuna heshima ya muziki huo mbele ya wakosoaji. Heshima ilianguka kwanza, mpango wa kibiashara ukafuata, na namna ya kutunga haikufa kabisa.

Muziki wenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Uingereza, wengi wao kutoka familia za tabaka la kati kusini mwa nchi, walianza kuhoji kwa nini wimbo wa roki uishie dakika 3. Beatles walikuwa wameshafungua njia kwa Sgt. Pepper's ya 1967. Vijana hawa walikuwa na elimu ya muziki isiyo ya kawaida kwa wapiga roki. Waanzilishi wa Genesis walikutana Charterhouse, shule ya bweni ya watoto wa wenye nafasi, ambako tenzi za kanisani zilikuwa sehemu ya kila juma. Rick Wakeman, atakayekuja kuwa mpiga kinanda wa Yes, alisoma kwa muda Royal College of Music ya London. Walichota kwenye muziki wa klasiki, jazi na nyimbo za kienyeji za Kiingereza, wakavichanganya na gitaa la umeme. Albamu ya kwanza ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, ya Oktoba 1969, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa mwanzo rasmi.

Vyombo navyo viliamua mambo. Mellotron, kinanda kilichotengenezwa Birmingham, kilikuwa na utepe uliorekodiwa chini ya kila kibonye: sauti ya fidla, filimbi au kwaya. Utepe ulidumu sekunde kama 8 tu, kisha sauti inakatika, hivyo mpigaji alilazimika kutunga akiujua ukomo huo. Sauti ile nzito yenye mtetemo, inayosikika kama okestra iliyo mbali, ikawa alama ya zama zile. Na kulikuwa na santuri yenyewe. Upande mmoja wa santuri ndefu hubeba dakika 20 na ushei bila kuharibu ubora wa sauti, na watunzi wakauchukua upande huo kuwa kipimo cha kazi nzima. Close to the Edge ya Yes, ya mwaka 1972, inatumia upande wote wa kwanza kwa wimbo mmoja. Mwaka huo huo Jethro Tull walitoa Thick as a Brick, wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili, na albamu hiyo ikashika nafasi ya kwanza Marekani. Nalisisitiza hili kwa sababu watu husahau: kwa miaka michache, muziki huu ulikuwa muziki wa umma.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mlango ulio karibu zaidi ni Queen. Bendi ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kwa kawaida haihesabiwi kuwa ya progresivu. Hata hivyo Queen II ya 1974 ina nyimbo zinazoungana bila pumziko na sauti zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka. Mwaka uliofuata Bohemian Rhapsody ilibana ndani ya dakika 6 kile ambacho wenzao walikitandaza kwa dakika 20: sehemu zisizorudiwa, opera katikati, mabadiliko ya ghafla ya hali. Ilikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma 9. Tayari mwaka 1975, basi, mbinu za progresivu ziliweza kuishi nje ya jina la progresivu.

Nani alikuwa akilipa

Muziki huu ulikuwa ghali. Kipande cha dakika 20 kilidai majuma ya mazoezi na majuma ya studio, na saa ya studio hulipiwa. Kabla ya kuuliza nani aliuua, tuulize nani aliulisha.

Kampuni za santuri zilikuwa za kwanza. Karibu na mwaka 1969 kampuni kubwa za Uingereza zilifungua lebo maalumu kwa ajili ya vijana hawa. EMI ilianzisha Harvest, Philips ikaanzisha Vertigo, na Decca ilikwisha kuwa na Deram. Tony Stratton-Smith, mwandishi wa habari za michezo aliyegeuka meneja, alianzisha Charisma na kuishikilia Genesis kupitia albamu ambazo mwanzoni hazikuuza. Wakurugenzi hawakujua vijana wangetaka nini kesho. Kwa kuwa hawakujua, walitawanya fedha kidogo huku na huku na kuwaacha wanamuziki wafanye walitakalo. Ulikuwa uhuru uliotokana na wenye fedha kukosa uhakika.

Wa pili walikuwa wanafunzi. Vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza vilikuwa na kumbi na bajeti za burudani, na bendi iliweza kuzunguka nchi nzima ikipiga chuo kimoja baada ya kingine mbele ya watu waliokaa chini na kusikiliza. Redio ya FM ya Marekani ilikuwa ya tatu. Katikati ya miaka ya 1960 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilizuia wenye stesheni kurudia kwenye FM yale yale waliyotangaza kwenye AM. Masafa yakabaki na saa tupu za kujazwa, na watangazaji vijana wakazijaza kwa kupiga pande nzima za albamu. Bila saa zile tupu, bendi ya Kiingereza yenye nyimbo za dakika 15 isingeweza kujaza viwanja vya michezo Ohio na Pennsylvania.

Dai la kwanza: panki iliua

Hili ndilo dai maarufu. Kwa mujibu wake, mwishoni mwa 1976 Sex Pistols walitoa singo yao ya kwanza, na ndani ya mwaka mmoja vijana wakaona hawahitaji kusomea muziki ili wapande jukwaani. Roki ya progresivu ikaonekana muziki wa wazee matajiri wenye makoti marefu. John Lydon, mwimbaji wa Sex Pistols, alivaa fulana ya Pink Floyd aliyoiandika juu kwamba anawachukia.

Dai hili lina nguvu moja ya kweli, na nguvu hiyo ni kwa upande wa heshima. Majarida ya muziki ya London, ambayo miaka mitano nyuma yaliwapigia kura Yes na ELP (Emerson, Lake & Palmer) kuwa bora, yaligeuka kwa kasi. Waandishi vijana waliajiriwa ili kuiandika panki, na kudharau progresivu kukawa karibu sharti la kazi. Bendi mpya iliyotaka kuanza mwaka 1978 kwa kinanda na nyimbo ndefu haikupata mwandishi wa kuisikiliza wala lebo ya kuisaini. Kwa kizazi kilichokuwa kikija, mlango ulifungwa kweli.

Lakini dai linakwama mbele ya chati. Katika kiangazi cha 1977, panki ikiwa kileleni, Yes walishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa albamu ya Going for the One, na singo ya ELP iliyotokana na kazi ya mtunzi Aaron Copland ikafika nafasi ya pili. Miaka miwili baadaye Pink Floyd walitoa The Wall, ambayo ilikaa kileleni Marekani kwa majuma 15. Wanaouawa hawauzi hivyo. Tena, mpangilio wa miaka unakataa: mpiga gitaa Robert Fripp aliivunja King Crimson Septemba 1974 na mwimbaji Peter Gabriel aliiacha Genesis mwaka 1975, wakati panki bado haijarekodi chochote Uingereza. Walioondoka waliondoka kwa sababu zao.

Hata uadui wenyewe ulikuwa wa juu juu. Lydon alipoalikwa na redio ya Capital ya London mwaka 1977 kupiga nyimbo azipendazo, alipiga nyimbo za Peter Hammill, kiongozi wa Van der Graaf Generator, mojawapo ya bendi nzito zaidi za progresivu. The Damned, bendi ya panki, walirekodi albamu yao ya pili chini ya Nick Mason, mpiga ngoma wa Pink Floyd. Wire, bendi nyingine ya panki, walitoa Pink Flag kwa Harvest, lebo ile ile ya Pink Floyd. Na Virgin, kampuni iliyojengwa mwaka 1973 kwa faida ya Tubular Bells ya Mike Oldfield, santuri ya pande mbili isiyo na nyimbo za kawaida, ndiyo iliyowasaini Sex Pistols mwaka 1977. Wanamuziki walisikilizana. Waliobadilisha upande ni wenye fedha, na sababu zao zina sehemu yake hapa chini.

Dai la pili: ilijiua kwa majivuno

Wakosoaji wengi, wakiwamo waliowahi kuupenda muziki huu, husema hapakuhitajika muuaji. Ushahidi wao ni mzito. Desemba 1973 Yes walitoa Tales from Topographic Oceans, santuri mbili zenye nyimbo nne tu, kila moja ikijaza upande. Iliuza vizuri, lakini Wakeman mwenyewe aliona kazi imerefushwa kupita kiasi chake, akaondoka mwaka uliofuata. Naye alipojitegemea hakupunguza ukubwa: mwaka 1975 aliipiga albamu yake ya Mfalme Arthur kwenye ukumbi wa Wembley, juu ya barafu, pamoja na wacheza-barafu, okestra na kwaya, kwa gharama zilizomeza mapato. Mwaka 1977 ELP walianza ziara ya Amerika Kaskazini wakiwa na okestra ya wanamuziki wapatao 70. Baada ya muda mfupi fedha zilikauka, wengi wa wanamuziki hao wakarudishwa makwao, na watatu wale wakaendelea peke yao ili kulipa deni. Mwaka uliofuata walitoa Love Beach, albamu ya nyimbo laini waliyoirekodi kutimiza mkataba, na hadi leo mashabiki wao wanaiona aibu.

Nakubali kwamba kulikuwa na tatizo la kisanaa hapa. Muziki uliojitangaza kuwa unasonga mbele ulianza kupima maendeleo kwa urefu na idadi ya vyombo, na mambo hayo mawili hayana uhusiano wa lazima na mawazo mapya. Fripp aliliona mapema. Alipoivunja King Crimson alieleza kwamba bendi kubwa za namna ile zimepitwa na wakati na kwamba kazi ya mbele ni ya vikundi vidogo, vyepesi na vyenye akili. Alikuwa ametoka kurekodi Red, albamu kali ya watu watatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora ya muongo ule.

Udhaifu wa dai hili ni kwamba linahukumu msitu mzima kwa miti mitatu. Bendi kama Gentle Giant, Henry Cow na Van der Graaf hazikuwa na wacheza-barafu wala okestra. Waliishi kwa ziara za gari dogo, wakatunga muziki mgumu na wenye nidhamu, nao pia walikwama: Henry Cow walivunjika 1978, Gentle Giant 1980. Ikiwa kosa lilikuwa anasa, mbona wasio na anasa walianguka pamoja na wenye anasa? Kuna jambo lililowapata wote, nalo halikuwa tabia yao.

Dai la tatu: fedha zilihama

Hapa ndipo, kwa tathmini yangu, palipo na sehemu kubwa ya jibu, ingawa si habari ya kuvutia kama fulana ya Lydon.

Mwisho wa 1973 bei ya mafuta ghafi ilipanda ghafla duniani. Santuri hutengenezwa kwa plastiki itokanayo na mafuta, hivyo gharama ya kuzichapa ilipanda, na kwa muda malighafi yenyewe ikaadimika. Uingereza iliingia mwaka 1974 viwanda vikiruhusiwa umeme kwa siku tatu tu kwa juma. Gharama ya kusafirisha tani za vinanda na taa ikapanda pamoja na kila kitu. Mwaka huo huo kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya kazi kilifikia asilimia 83, na wanamuziki waliofanikiwa wakaanza kuhamia nje kwa vipindi. Pink Floyd, waliopoteza fedha nyingi kupitia washauri wao wa uwekezaji, walirekodi sehemu kubwa ya The Wall Ufaransa kwa sababu za kodi. Bendi zilizokuwa zimelelewa na wanafunzi wa Leeds na Sussex ziligeuka bendi za viwanja vya Marekani, zinazorudi kwao mara moja kwa mwaka. Uhusiano na wasikilizaji wa kwanza ukakatika, na panki ikakuta nafasi tupu kwenye baa za London.

Kisha redio. Stesheni za FM zilipoanza kuleta faida kubwa, uhuru wa watangazaji ulikwisha. Washauri, Lee Abrams akiwa maarufu kuliko wote, waliandaa orodha za nyimbo zilizopimwa kwa utafiti wa wasikilizaji na kuziuza kwa stesheni nchi nzima. La kusikitisha ni kwamba Abrams mwenyewe aliupenda muziki wa progresivu. Mfumo alioujenga ndio ulioukosesha nafasi, kwa sababu wimbo wa dakika 18 hauachi nafasi ya matangazo ya biashara. Waliofaulu kwenye orodha zile ni waliojua kufupisha: Boston, Styx, Kansas.

Mwaka 1979 mauzo ya santuri Marekani yaliporomoka baada ya miaka mingi ya kupanda. Kampuni ambazo muongo mmoja nyuma zilitawanya fedha kwa kutokuwa na uhakika sasa ziliziweka kwa wachache waliothibitishwa. Hapa ndipo panki na progresivu zinapokutana kweli. Albamu ya panki ilirekodiwa kwa siku chache, ya progresivu kwa miezi. Mkurugenzi wa fedha hakuhitaji falsafa kuchagua. Panki iliifaa bajeti mpya, na wakosoaji wakaiandika hesabu hiyo kana kwamba ni mapinduzi ya kisanaa.

Dai hili nalo lina mpaka wake. Uchumi unaeleza kwa nini muziki uligharimu kupita uwezo wa soko. Hauelezi kwa nini bendi fulani zilizimika kimawazo kabla ya fedha kukatika. Wala hauelezi Rush. Watatu hao wa Toronto walipata hasara kwa albamu yao ya 1975, kampuni ikawashinikiza waandike nyimbo fupi, nao wakajibu mwaka 1976 kwa 2112, ambayo upande wa kwanza ni kisa kimoja cha dakika 20. Iliuza, na wakabaki na uhuru wao hadi onyesho la mwisho pamoja na mpiga ngoma wao Neil Peart mwaka 2015. Rush hawakuwa na majarida ya London ya kuwakatisha tamaa, na wasikilizaji wao wa miji ya viwanda ya Kanada na Marekani hawakuwa wamepashwa habari kwamba muziki huu umekufa. Ujasiri wa wanamuziki ulikuwa na uzito wake, na hesabu za uchumi peke yake zingeuficha.

Waliosalia walifanya nini

Njia ya kwanza ilikuwa kubadilika. Genesis, sasa chini ya mwimbaji Phil Collins, ilifupisha nyimbo hatua kwa hatua hadi 1986, ilipopata singo ya nafasi ya kwanza Marekani. Asia, iliyoundwa na watu waliotoka Yes, King Crimson na ELP, ilitoa albamu iliyokaa kileleni Marekani kwa majuma 9 mwaka 1982. Na Yes wana kisa kinachostahili kusimuliwa. Mwaka 1980 walipokosa mwimbaji na mpiga kinanda, waliwachukua watu wawili wa Buggles, Trevor Horn na Geoff Downes, ambao wimbo wao kuhusu video kuiua redio ulikuja kuwa video ya kwanza kuonyeshwa na MTV, Agosti 1981. Downes akaenda Asia. Horn akawa mtayarishaji, akawatengenezea Yes albamu ya 90125, na Januari 1984 wimbo wake Owner of a Lonely Heart ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Wapo wanaouita usaliti. Mimi naona ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, lakini nakubali hoja yao ya msingi: kilichosalia hapo ni jina na watu, na muundo wa muziki ulibaki nje.

Njia ya pili ilikuwa kuhamia nyumba nyingine. Wanafunzi watatu waliokutana Berklee, Boston, mwaka 1985 walianzisha bendi itakayoitwa Dream Theater, wakaunganisha ufundi wa Yes na Rush na uzito wa metali. Opeth wa Sweden na Tool wakaongeza giza. Radiohead, waliokua katika mazingira ya roki mbadala, walitoa OK Computer mwaka 1997, na wakosoaji waliodharau progresivu kwa miaka 20 wakaisifu kwa sifa zile zile: nyimbo za sehemu nyingi, Mellotron, albamu iliyofikiriwa kama kazi moja. Heshima ilianza kurudi, mradi jina lisitajwe.

Njia ya tatu, ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, ilikuwa kujitegemea. Mapema, mwezi Machi 1978, Henry Cow waliwakusanya London wenzao wa Ubelgiji, Italia, Ufaransa na Sweden ambao kampuni hazikuwataka, wakaunda umoja wa kusaidiana katika maonyesho na usambazaji. Umoja huo haukudumu, lakini wazo lilidumu. Marillion, bendi ya Aylesbury iliyofufua mtindo wa Genesis ya zamani na kushika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1985, ilijikuta miaka ya 1990 bila kampuni kubwa. Mwaka 1997 walisema hawamudu ziara ya Marekani, na mashabiki wao wa huko wakachangishana kupitia intaneti dola zipatazo 60,000 na kuigharimia wenyewe. Bendi ikaelewa. Kwa albamu yake ya 2001 iliomba mashabiki wainunue kabla haijarekodiwa, na zaidi ya 12,000 wakalipa. Kickstarter ingeanza miaka 8 baadaye. Muziki uliohesabiwa kuwa umepitwa na wakati ndio uliogundua mapema namna wanamuziki wa sasa wanavyojilipia kazi.

Haikuwa bahati. Muziki mrefu na mgumu huzaa wasikilizaji wachache lakini wenye subira, wanaorudi kwa miaka 30 na kununua toleo lile lile kwa santuri, kwa CD na kwa toleo jipya lililochanganywa upya. Soko kubwa halina nafasi kwa watu kama hao. Soko dogo la moja kwa moja linaweza kuwategemea wao peke yao.

Bei ya kusalia

Je, kilichosalia kinastahili jina? Wapo wanaosema hapana. Hoja yao ni kwamba bendi nyingi za tangu miaka ya 1980 zinahifadhi sauti ya 1972, Mellotron na yote, na kwamba kuhifadhi ni kinyume cha kusonga mbele. Wanawatazama wasikilizaji, wengi wao wanaume waliozeeka pamoja na bendi, kwenye matamasha yanayofanyika hata ndani ya meli za kitalii, na wanaona makumbusho. Upande wa pili hujibu kwamba mtindo wowote una haki ya kuwa na mapokeo yake, kama jazi ya New Orleans ilivyo nayo, na kwamba kupiga vizuri kitu cha zamani si dhambi.

Naelemea upande wa kwanza kwa kipimo, lakini si kwa hukumu. Kipimo changu ni King Crimson ya 1981. Fripp aliirudisha bendi akiwa na Waamerika wawili, Adrian Belew na Tony Levin, na mpiga ngoma wa bendi ya 1974, Bill Bruford. Albamu ya Discipline haina Mellotron. Ina magitaa mawili yanayosokotana kwa vipande vifupi vinavyorudiwa, kila gitaa likiwa na hesabu yake, yakiachana na kukutana tena, kwa namna iliyojifunza kwenye gamelan ya Indonesia na kwenye muziki wa New York wa wakati ule. Nyimbo zake nyingi ni fupi. Ukiweka albamu hiyo karibu na ile ya 1969, sauti hazifanani hata kidogo, ilhali njia ya kufikiri ni moja: sheria mpya inabuniwa, kisha muziki unatungwa ndani yake. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya kinachouzwa leo kwa jina la progresivu haifiki, na baadhi ya visivyotumia jina hilo vinafika.

Hata hivyo, sioni makumbusho kuwa hatari kubwa zaidi. Hatari kubwa iko kwenye hesabu za malipo. Huduma za kutiririsha muziki kama Spotify huhesabu msikilizo baada ya sekunde 30, na kulipa kwa wimbo, si kwa dakika. Aliyesikiliza wimbo wa dakika 20 hadi mwisho amemlipa mtunzi sawa na aliyesikiliza nusu dakika ya wimbo wa dakika 2. Kwa mtunzi mpya hesabu hiyo inasema wazi: kata kazi yako vipande, au usitunge ndefu. Redio ya FM ya mwisho wa miaka ya 1970 iliwafungia nje watunzi wa nyimbo ndefu; huduma hizi zinawapunguzia malipo kwa kila dakika wanayoongeza. Bila shaka huduma hizo zina faida upande wa pili: King Crimson na Tool, waliozikwepa kwa miaka mingi, waliingia humo mwaka 2019, na kijana wa Dodoma au Kisumu anaweza leo kuisikiliza Red bila kutafuta santuri ambayo labda haikuwahi kufika kwao. Upatikanaji haujawahi kuwa mkubwa hivi, na malipo kwa kazi ndefu hayajawahi kuwa duni hivi.

Anayeonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kukaa pamoja ni Steven Wilson, kiongozi wa Porcupine Tree. Tangu mwaka 2009 amekuwa akichanganya upya kanda asilia za King Crimson, Jethro Tull na Yes, kazi ya uhifadhi inayonunuliwa kwa diski na mashabiki wale wenye subira. Wakati huo huo anatunga. Mwaka 2025 alitoa The Overview, albamu yenye vipande viwili tu, cha dakika 23 na cha dakika 18, kila kimoja kikitosha upande mmoja wa santuri. Kwa hesabu za kutiririsha muziki, albamu nzima ni nyimbo mbili. Inawezekana kuitoa kwa sababu wapo wanunuzi wanaolipia kitu kizima, na wanunuzi hao walikusanywa mmoja mmoja katika miaka 40 ambayo muziki huu ulihesabiwa kuwa umekufa.